Kodi Niliyosema Ipo

Kwako Otmar,

Nilipokuwa Dar es Salaam, barua zangu zote za kuja nyumbani zilianza namna moja: mimi sijambo, ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu huko. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. Niliandika hivyo nikiwa na homa. Niliandika hivyo nikiwa sijala tangu jana yake. Kwa hiyo leo niruhusu niruke hapo niingie kwenye jambo lenyewe.

Pesa ya kodi ya chumba chako cha Mbezi, Dar, ile niliyosema ipo, haijatimia. Inatakiwa laki nne na elfu tisini: elfu sabini mara miezi sita, na elfu sabini nyingine ya dalali. Mimi ninayo laki mbili na elfu tisini. Imepungua laki mbili. Mama mwenye nyumba amekushikia chumba mpaka Jumamosi, na wewe kesho alfajiri unapanda basi ukiamini kwamba Ijumaa nitakurushia yote kwenye simu. Sitaweza. Nimezunguka kila mahali kichwani, na sina pa kuitoa kabla ya Jumamosi isipokuwa sehemu moja, ambayo nitaitaja, ila niache kwanza nifike huko kwa mwendo wangu.

Nimeshindwa kukwambia kwa mdomo. Jioni hii ulipokuwa unakunja nguo nilikuja mlangoni kwako mara mbili. Mara ya kwanza nikakuuliza kama una tochi. Mara ya pili nikakuuliza tena habari ya tochi, ukacheka, ukasema, "Baba, simu ina tochi." Nikaondoka. Ndiyo maana naandika. Nitaiweka barua hii juu ya shati lako la safari, uisome kabla hatujatoka kwenda stendi.

Mambo ya kufua, ya kuchota maji na ya kufunga mlango atakwambia mama yako, na najua ameshakwambia maana nimemsikia kupitia ukutani. Mimi nina haya ya hesabu na ya aibu. Kwangu siku zote yamekwenda pamoja.

Unayakumbuka yale magunia kumi na manne ya mahindi ya chumba cha nyuma. Niliyanunua Mpitimbi kwa elfu arobaini na moja gunia, nikayatunza kwa ajili ya safari yako hii. Uliyaona yakipakiwa, ukadhani yamelipwa, na mimi sikukusahihisha. Yule mnunuzi aliyekuja na fuso kutoka Namtumbo aliyachukua kwa mali kauli. Elfu arobaini na nane kila gunia, jumla laki sita na elfu sabini na mbili, alipe ndani ya wiki moja. Mimi, ambaye nikinunua mahindi naligonga debe mpaka litulie kabla sijatoa hata senti, nilitoa mzigo mzima kwa neno la mtu. Unajua kwa nini? Aliniita "mzee mwenye ghala" mbele ya vijana wa kupakia. Ningewezaje tena kumwambia kwamba mwenye ghala anaitaka hela leo leo? Sasa wiki ya tatu inakwisha. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa, na tangu juzi haiiti kabisa. Huyo nitamfuata mwenyewe mpaka Namtumbo, lakini hasira zangu hazitamlipa mama mwenye nyumba wa Mbezi.

Halafu kikao cha Jumapili cha kukuaga.

Ulikuwepo, lakini ulikaa upande wa wanaoagwa, na wanaoagwa hawaoni vizuri. Mimi nilikuwa naangalia nyuso. Baba yako mdogo Gaspar aliposimama na ile noti yake ya elfu kumi hakuiweka kwenye sahani haraka. Aliishika kwanza, akaongea nayo mkononi.

"Ndugu zangu, hata na sisi sasa tuna mtu Dar. Otmar, hebu tuambie sisi baba zako, mshahara wenyewe ni kiasi gani?"

Ukasema, "Laki tano, baba mdogo."

Sebule ikanyamaza. Kisha shangazi yako Tekla akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Kila mwezi?"

"Kila mwezi, shangazi."

"Basi Festo wangu atakuja kwako. Amemaliza kidato cha nne yupo tu anahesabu bati. Atakupikia."

"Ni chumba kimoja tu, shangazi."

"Kwani Festo ni tembo? Atalala chini."

Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Hapo ndipo Gaspar akaweka noti yake na kusema yeye haombi kikubwa, elfu hamsini tu kila mwezi, kwa ajili ya ada ya mwanawe, mdogo wako, mpaka atakapomaliza. Na wewe ukajibu, "Hakuna shida, baba mdogo."

Otmar, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nikakiweka chini. Sikuisikia sauti yako pale. Niliisikia yangu.

Na kabla hujanilaumu kwa kukaa kimya, sikiliza yaliyofuata, maana hayo ndiyo yanayonikera zaidi. Gaspar alinigeukia mimi, mbele ya wote, akasema kwa upole kabisa, "Na kodi ya chumba je, kaka? Huko wanataka miezi sita kwa mkupuo. Tuchangishane?" Alikuwa anamaanisha. Ameuza nguruwe mwezi huu, hela anayo. Nami nikasema, "Hiyo niachieni mimi. Ipo." Wakati huo fuso lilishaondoka na magunia yangu, na simu ya mwenye fuso ilishaanza kuita bila jibu.

Jioni ile ile nikakuomba barua yako ya ajira, nikasema nataka tu kuiona. Nilitaka kuihesabu. Ile laki tano iliyonyamazisha watu haipo, mwanangu. Kumi kwa mia inakwenda kwenye mfuko wa uzeeni, elfu hamsini. Kodi ya serikali, elfu kumi na nne na mia nne. Mkopo wa chuo wanakata kumi na tano kwa mia, elfu sabini na tano. Itakayofika mkononi mwako ni laki tatu, elfu sitini na mia sita. Hiyo ndiyo ungeisema pale sebuleni. Najua hukudanganya. Ulisema namba iliyoandikwa juu kabisa ya karatasi, na kila mtu akaondoka nayo kichwani.

Sasa itoe ya Dar. Kutoka Mbezi kwenda Kariakoo na kurudi, elfu moja na mia sita kwa siku, kwa siku ishirini na sita za kazi: elfu arobaini na moja na mia sita. Chakula cha mchana kwa mama ntilie, elfu mbili na mia tano, siku hizo hizo: elfu sitini na tano. Chai na chakula cha jioni ukijipikia, elfu sitini kwa mwezi, na hapo nyama umeiona kwa jirani. Mkaa, maji na umeme, elfu ishirini na tano. Vocha, elfu kumi na tano. Elfu sabini ya chumba lazima uitenge kila mwezi hata kama hudaiwi, kwa sababu miezi sita huisha, na inapoisha inataka laki nne na ishirini siku moja. Inabaki elfu themanini na nne. Hiyo ni ya sabuni, kiatu, dawa, na msiba wa mtu wa ofisini.

Toa hamsini ya Gaspar. Mlete Festo, ambaye si tembo lakini anakula, uongeze elfu sitini ya jioni na chai. Umeshapungukiwa elfu ishirini na sita kila mwezi, na bado hujanunua sabuni.

Na nikwambie lingine ambalo hata mama yako halijui. Nami nilikuwa nimeshajikatia. Tangu siku ulipopigiwa simu kwamba umepata kazi, kichwani mwangu nilikuwa nimetoa elfu thelathini kila mwezi kwenye mshahara wako, ya mabati ya upande wa nyuma. Nilikuwa nimeshafika mpaka bati la kumi na mbili. Hakuna aliyeniomba nihesabu hivyo. Ni kwamba mtu akiwa na mtoto wake mjini, mkono unakwenda wenyewe.

Sasa mimi.

Nilikwenda Dar nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikawa karani wa stoo kwenye duka la vipuri. Mshahara elfu arobaini na nane. Chumba Tandika, elfu nane. Kila mwezi nilituma nyumbani elfu kumi na tano, na sikuwahi kuruka hata mmoja kwa miaka mitatu na zaidi. Iliyobaki, elfu ishirini na tano, ndiyo ilikuwa mimi: nauli yangu, tumbo langu, nguo zangu, homa zangu. Hakuna aliyenilazimisha kiasi kile. Mwezi wa kwanza nilituma kumi na tano kwa furaha, na mwezi wa pili nikaona aibu kutuma kumi.

Krismasi ya pili nikaja nyumbani. Unajua Songea ilivyo Krismasi, watu wanashuka kwenye mabasi na mabegi, na jirani anahesabu mabegi. Nilimkopa tajiri yangu, mwenye duka, elfu themanini. Nikanunua redio ya kaseti, vitenge vya mama yangu, mashati ya Gaspar, na viatu vya Tekla ambavyo vilimbana lakini akavivaa hivyo hivyo kanisani. Siku nne nilikuwa mtu mkubwa. Wazee walinipisha kiti. Kisha nikarudi, na tajiri akaanza kunikata elfu kumi kila mwezi kwa miezi minane. Elfu kumi kutoka kwenye ile elfu ishirini na tano. Ya nyumbani sikuigusa. Niligusa ya chumba.

Miezi mitatu nilitoka kabla mama mwenye nyumba hajaamka na kurudi akiwa amelala. Niliijua kila mbao ya lango lile, ipi inalia na ipi hailii. Siku moja akanivizia kisimani.

"Wewe kijana wa Songea," akasema, "unanikimbia mimi au unaikimbia kodi?"

"Sikukimbii, mama."

"Basi shika ndoo hii tuongee."

Nikashika ndoo, nikamwambia yote, redio na vitenge na elfu kumi. Nilitegemea anitukane. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungesema tangu mwezi wa kwanza. Mwanangu alikuwa anatafuta mtu wa kulala dukani kwake, bila kodi, na chakula cha jioni. Nimempa mtu mwingine wiki iliyopita." Akachukua ndoo yake akaenda zake. Ningetukanwa ningeumia kidogo tu na kusahau haraka.

Nikalipa kidogo kidogo, nikafika mwaka wa nne. Kisha tajiri akafunga duka. Aliuza mali yote kwa jumla, akatupa mshahara wa nusu mwezi na kutushukuru. Nikakaa miezi miwili nikibeba mizigo, halafu nikalala na homa ya matumbo. Ndipo nikaandika nyumbani barua ya kwanza ya kweli katika maisha yangu. Nilimpa konda wa basi. Niliandika kwamba sina kazi, ninaumwa, naomba elfu thelathini na tano ya nauli nirudi.

Yaliyotokea huku alinisimulia shangazi yako Tekla, ambaye alikuwepo. Gaspar aliisomea barua nje ya jiko, kwa sauti, watu wamekaa. Alipofika kwenye elfu thelathini na tano akaishusha na kucheka. "Kaka anatupima huyu. Anataka kuona kama tutatuma." Na bibi yako akacheka naye. "Ananitania. Mtu aliyeleta redio."

Bibi yako wakati huo alikuwa anaumwa kifua. Gaspar alitaka kuuza nguruwe wampeleke hospitali, na hilo nalo lazima niliseme, ingawa miaka mingi sikupenda kulisema. Mama akakataa. Alisema, "Uwauze ya nini? Hela ya mwanangu imechelewa mwezi mmoja au miwili, ikija itakuja yote." Akaingoja. Akangoja na redio yangu kichwani mwa kitanda. Alifariki akiingoja, na nguruwe walikuwa bandani.

Nilirudi juu ya lori lililokuwa limepeleka mahindi Dar, nimelalia magunia matupu, nimekonda mpaka mkanda ulikuwa unanizunguka. Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Gaspar aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, "Umechelewa, mtu wa Dar." Hakusema zaidi ya hapo mpaka leo.

Mengine unayajua. Madebe mawili ya mahindi na baiskeli ya kuazima, kisha gunia, kisha banda la sokoni Majengo. Sikuomba mtu. Watu wa mtaa wetu wanasema baba Otmar amejijenga mwenyewe, na wanasema kwa sifa, na mimi nimeipenda sana sifa hiyo. Nyie wanangu mmesoma kwa sababu yake. Lakini hebu fikiria ni mtu wa namna gani huyo aliyekataa mchango mbele ya ndugu zake kwa sababu anaogopa kicheko alichosimuliwa zamani, kicheko ambacho hata hakukisikia kwa masikio yake.

Miaka yote hii nimemhesabia Gaspar kicheko kile. Kila aliponinunulia bia nilikikumbuka. Wewe ulipozaliwa alileta kuku wawili, na mimi nikawaza kuhusu kicheko. Jumapili usiku, baada ya kupiga hesabu zako, nikapiga na hizi. Nilikuwa nimeandika nyumbani barua zaidi ya arobaini. Zote zilisema sijambo. Moja ikasema naumwa na sina kitu. Mtu yeyote mwenye akili angeamini zile arobaini.

Kwa hiyo sikuandikii uwe mchoyo. Ndugu zako ni watu wazuri na ni maskini, na wana haki ya kuomba. Ninachokuomba ni uwaambie namba halisi mapema, ikiwa bado ndogo na haijawa na sura ya kisingizio. Gaspar akipiga simu mwisho wa mwezi, mwambie, "Baba mdogo, mkononi imeingia laki tatu na sitini, chumba ni sabini, nimebaki na hiki, naweza kumi." Atanuna. Anajua kununa vizuri sana, ameshaninunia mimi miaka mingi na wote tuko hai. Ukimpa hamsini miezi minne kisha ukakata ghafla, atakuona mwizi. Ukianza na kumi, atakuona mbahili, na mbahili huwa anaaminika akisema hana.

Kwa Festo, niachie Tekla. Hapana, nimeanza tena. Mwambie Tekla mwenyewe, kwa simu yako, kwamba huwezi kulisha watu wawili kabla ya mwaka mmoja. Mimi nitakuwepo akianza kulia.

Nina woga mmoja ambao wakati wangu haukuwepo, ile mikopo ya kwenye simu. Kijana wa hapa jirani alikopa elfu hamsini kwa dakika tano bila kumwangalia mtu usoni. Alipochelewa, wakawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yake, mpaka paroko. Najua kwa nini alikopa huko. Simu haikuulizi kwa nini, wala haishangai. Mimi ingekuwepo wakati ule ningekopa mpaka nikafia humo, na ningesema maneno mengine yote duniani kabla sijamwambia mama wa Tandika kwamba sina. Ukiona mkono unakwenda kwenye simu kwa sababu unaona haya kumpigia mtu, nipigie mimi. Huenda nisiwe na hela. Siku hiyo angalau tutakuwa wawili ambao hawana.

Na wala usinitumie kitu mwaka huu. Mabati nimeyafuta.

Sasa ile sehemu moja niliyosema.

Ni Gaspar. Laki mbili anayo, na Jumapili alikuwa tayari kuitoa bila kuombwa. Leo kabla ya giza nilitembea mpaka kwake. Alifurahi kuniona, akanitolea kiti, mke wake akaleta mbasa wa kukaanga. Tukaongea habari ya mbolea. Tukaongea habari ya nguruwe, ambao kila wakitajwa mimi na yeye tunaangalia pembeni. Kisha akaniuliza, "Kila kitu tayari, kaka?" Mlango ulikuwa wazi kabisa, Otmar. Na mimi nikamjibu, "Tayari." Nikala samaki wake nikarudi nyumbani.

Ikishindikana kabisa, hesabu ni hii. Kwenye hii laki mbili na tisini nitakutumia Ijumaa, dalali achukue sabini yake, utabaki na laki mbili na ishirini, ambayo ni miezi mitatu na elfu kumi juu. Mpigie mama mwenye nyumba ukiwa bado njiani, usingoje Jumamosi, umwambie unayo ya mitatu na mitatu mingine utamlipa kwa mishahara miwili. Wengi wao hukataa. Akikataa, chumba kitakwenda kwa mwingine, na utaanza kazi ukilala kwa rafiki na begi lako mlangoni. Sitaki kukudanganya kwamba hilo ni dogo. Mtu anayelala kwa watu anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na ofisini inaonekana.

Lakini kabla ya huko kuna kesho asubuhi. Gaspar atakuja na pikipiki kutubebea mizigo mpaka stendi. Ataniuliza tena kama kila kitu kiko tayari, maana ni mtu wa kuuliza. Nimekusudia kumwambia. Nimelikariri jibu lenyewe hapa mezani kama mtoto wa shule: Gaspar, imepungua laki mbili. Ni maneno machache sana, na sijawahi kuyatoa mbele ya ndugu yangu tangu nizaliwe, kwa hiyo sikuahidi kitu.

Ukiona nimejibu "tayari", usiniheshimu. Usingoje tuwe peke yetu. Mpe shikamoo yake, kisha mwambie wewe, pale pale, nikiwa nasikia: baba mdogo, kodi imepungua laki mbili, baba ameshindwa kukuambia. Inawezekana akacheka. Mwache acheke mpaka amalize, halafu mtajie tena.

Baba yako.